Zizi Langu la Wakalimani

Jumatatu, 9 Juni

Imetangazwa rasmi. Mama Selina, mkuu wa kituo cha vijana hapa Utemini, anataka mwalimu mmoja wa kompyuta. Tumebaki wawili: mimi, na Deo wa mtaa wa pili. Jumamosi kila mtu ataonyesha mbele ya wazazi programu aliyoitunga mwenyewe, tena ikifanya kazi. Mshindi anaanza Jumatatu.

Nitashinda mimi. Kwa hiyo nimeshampigia baba kule Ilongero na kumwambia kazi nimepata. Huo si uongo, nimewahi tu. Baba alishaapa kwamba alizeti ikivunwa nikiwa bado nazurura mjini, narudi nyumbani kuchunga. Mimi na ng'ombe hatupendani tangu utotoni, na alizeti imeshaanza kuvunwa.

Programu yangu ni nzuri mno. Inapokea majina ya watu waliopeleka alizeti kukamuliwa, inapanga foleni, halafu inachora mchoro wa magunia ya kila mmoja. Nimeiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Leo nikabonyeza kitufe. Kompyuta ikajibu kwamba maktaba ya kuchorea, yaani furushi la nyongeza linalochora michoro, haipo. Haipo! Jana niliiweka kwa mikono yangu mwenyewe.

Nieleze kidogo, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa. Kompyuta haijui Python. Inahitaji mkalimani, yaani programu ya kuisoma na kuitekeleza. Kihariri ni pale ninapoandikia, na nikibonyeza kinamwita mkalimani. Kompyuta yangu ina wakalimani wawili: mmoja nilimkuta, mwingine nilimleta. Ni wazi kazi imewazidi. Nimeongeza wa tatu.

Jumanne, 10 Juni

Jibu lilelile. Maktaba haipo.

Sikutishika. Nimeweka mkalimani mwingine kwenye diski ya pili, mwingine kwenye folda ya picha za harusi ya dada, mwingine kwenye flashi. Hiyo ni akili ya ukoo. Babu hakuwahi kulaza ng'ombe wote zizi moja. Wengine aliwaweka kwa shemeji yake, wengine kwa rafiki yake Ikungi, wengine kwa watu ambao hata bibi hakuwajua. Ugonjwa ukiingia huku, kule wapo. Babu alikufa tajiri.

Jioni jirani yangu Esta alichungulia. Anasoma uhasibu na ana maoni juu ya kila kitu. Akasema maktaba nimempa mkalimani mmoja, na kihariri kinamwita mwingine, ndiyo maana haionekani. Akashauri nifute wote nibaki na mmoja. Nifute! Nikamwuliza kama kwao wakikosa maziwa asubuhi huchinja kundi zima. Akaondoka, kwa hiyo nilimshinda kwa hoja.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimefanya upelelezi. Nilikwenda kwa Deo na kumwambia nina rafiki yangu yuko Shelui, kompyuta yake inamkatalia maktaba ya kuchorea, naye ni mtu wa aibu, ndiyo maana kanituma mimi.

Deo hakusita hata kidogo. Akasema rafiki afungue kihariri, aangalie chini, pembe ya kulia, ataona jina la mkalimani anayetumika. Abonyeze hapo, orodha itafunguka, amchague yule aliyempa maktaba. Basi. Akanikaribisha na chai. Nilipoaga akaniambia nimsalimie sana huyo rafiki, na akauliza kama naye kapanga chumba karibu na mashine ya kusaga kama mimi. Sikuelewa swali lenyewe.

Njiani nikapima mambo. Hakuna mshindani anayetoa dawa bure. Kama amesema pembe ya kulia, basi pembe ya kulia ndiko alikotega mtego. Nimebandika kipande cha plasta kwenye kioo, pembe ile, nisije nikabonyeza kwa bahati mbaya. Kisha nikaongeza mkalimani mmoja.

Alhamisi, 12 Juni

Ushindi! Nimeazima kompyuta ya Esta, nikaweka maktaba, nikaingiza programu yangu, nikabonyeza. Mchoro ukatokea. Magunia yote yamesimama kwa rangi, kila mtu na la kwake. Machozi yalinilengalenga na sioni aibu kuyaandika. Nilijiona kabisa mbele ya darasa, nimevaa shati la mikono mirefu, vijana wakiniita mwalimu, na baba akipita dirishani kama mtu asiye na haja ya kuangalia, huku anaangalia.

Nikairudia mara ya pili na kuirekodi kwa simu, iwe kumbukumbu. Esta amekubali niitumie kompyuta yake Jumamosi. Kusema kweli nimeguswa. Nikataka kumshukuru kwa kitu cha maana. Nikakagua kompyuta yake na kukuta ana mkalimani mmoja tu, maskini wa Mungu. Wakati yuko jikoni anaosha sufuria ya ugali, nikamwongezea watatu. Sikumwambia. Wema haupigiwi ngoma.

Ijumaa, 13 Juni

Esta amegonga mlango asubuhi. Hakusalimia. Kazi yake ya chuo ya kupiga hesabu kwa Python, aliyotakiwa kuituma leo, imegoma. Programu yangu nayo, nilipoijaribu, imegoma kwenye kompyuta ileile iliyoiendesha jana. Nikamwambia asihofu, nitamwongezea mwingine. Akaichukua kompyuta mikononi mwangu, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Alipofika mlangoni akageuka. Akasema, "Kaka Sostenes, kompyuta yako haijapungukiwa na kitu. Wewe tu hutaki kuchagua."

Maneno makali kwa asubuhi ile. Yalinikaa mpaka saa nne. Baada ya chai na maandazi yakapungua.

Halafu baba akapiga. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba na kusema amewatangazia watu wote msikitini na kanisani, yaani hata kule asikosali, kwamba mwanawe ni mwalimu. Nikakosa hamu ya kula mchana.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Ile video ya Alhamisi ninayo! Nitaihamishia kwenye kompyuta yangu, niijaze kioo kizima, nami nitakaa mbele nikichapa chapa vitufe. Nani atajua? Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea. Vidole vyangu vinapendeza.

Jumamosi, 14 Juni

Ukumbi ulijaa. Mama Selina mbele, wazazi nyuma yake, Esta pembeni na uso wa mtu aliyekuja kushuhudia. Nikaanza mimi. Nikachapa, nikakunja uso, nikapumua kama fundi. Mchoro ukatokea ukutani na wazazi wakapiga makofi. Mzee Melkiori, mwenye mashine ya kukamua alizeti, akasema hicho ndicho anachokihitaji.

Kisha ikasikika sauti ya kike kutoka kwenye spika, kubwa, ya wazi, ikiniita nikanawe mikono kwa sababu ugali unapoa.

Nilikuwa nimesahau kuzima sauti. Ukumbi mzima ukamgeukia Esta. Esta akatazama dari. Nikaeleza kwamba ni sehemu ya programu, inamkumbusha mtumiaji kula. Mama Selina akasema vizuri sana, basi niongeze jina la Mzee Melkiori kwenye foleni, wazazi waone. Nikachapa Melkiori mara tatu. Mchoro haukutikisika. Video ikaisha, na ukutani ikabaki picha ya harusi ya dada.

Akaja Deo. Naye akabonyeza, na kompyuta ikamwambia maktaba haipo. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Lakini badala ya kuona haya, akawaonyesha wazazi ile pembe ya kulia, akaeleza polepole kwa nini kompyuta imekataa, akachagua mkalimani mwingine, na programu ikafanya kazi. Nadhani alilipanga lile kosa makusudi. Hata bibi mmoja aliyekuja na kuku wake kwenye kapu alikuwa anaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Wakampigia makofi marefu kuliko yangu.

Kazi amepewa Deo. Ni bahati tu.

Mama Selina aliniita pembeni. Nilitarajia kufokewa, ingekuwa nafuu. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, bidii unayo. Jumatatu saa mbili njoo ukae darasani na wenzako, ujifunze."

Nimeumia. Nimetembea mpaka nyumbani bila kumwona mtu, na watu walikuwepo. Nimekuta Deo ameshaitengeneza kompyuta ya Esta, tena bila kumwongezea hata mkalimani mmoja. Ubahili ulioje.

Jumapili, 15 Juni

Nimempigia baba na kumweleza ukweli, ule wa muhimu. Akauliza nitafika kwa bodaboda saa ngapi leo, kwa kuwa kesho Jumatatu alfajiri ng'ombe wanatolewa nami ndiye wa kuwatoa. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kusubiri. Nikamjibu ndiyo, baba.

Baadaye akapiga Mjomba Kefa wa Shelui. Amesikia yaliyonikuta. Kijana wake wa dukani ameondoka na malori yanasimama pale usiku na mchana, kwa hiyo anataka mtu wa kuaminika, kesho asubuhi na mapema. Nikamjibu ndiyo, mjomba. Na Mama Selina nilishamjibu ndiyo jana, maana mtu hakatai elimu.

Esta aliposikia akashika kiuno. Akaniuliza hiyo kesho asubuhi nitakuwa wapi hasa: malishoni Ilongero, dukani Shelui, au darasani Utemini. Nikamwambia asiharakishe mambo, kesho bado.

Nimelala chali nikitafakari, na roho imetulia kabisa. Wiki iliyopita nilikuwa na tumaini moja, na ona lilivyoniangusha. Sasa watu watatu wananitegemea, sehemu tatu tofauti, asubuhi moja. Mmoja akiniangusha, wawili wapo. Deo ana kazi moja tu duniani. Namhurumia.