Kisu cha Mtandaoni na Akika ya Suhaila

Jumatatu, 8 Septemba

Natangaza rasmi, mbele ya daftari hili na mbele ya paka anayetaka kulilalia, kwamba kuanzia leo saa nne asubuhi, mimi Bakar Haidar, mkaazi wa Madungu, Chake Chake, umri miaka hamsini na nne, sinunui tena kisu dukani kwa Mzee Msellem. Kisu sinunui, panga sinunui, hata jiwe la kunolea sinunui. Uamuzi huu hauna rufaa.

Habari nyengine ya leo: nimepata mjukuu. Wa kwanza. Wa kike. Mama na mtoto wazima, alhamdulillahi.

Sasa nirudi kwenye hasira.

Nilitoka kumtazama mtoto nikaenda moja kwa moja sokoni. Akika, ile karamu ya kumchinjia mtoto, ni siku ya saba, yaani Jumapili. Mtoto wa kike, mbuzi mmoja. Achinje nani? Babu yake, bila shaka. Tatizo mababu tuko wawili. Mkwe mwenzangu Safari, baba yake Khairiya, mama wa mtoto, ni mtu wa Kojani. Anakata samaki pale sokoni tangu ndevu zake nyeusi, na akishika kisu watu husogea kutazama. Mimi nikishika kisu watu husogea pia, lakini kinyumenyume. Idd iliyopita nilijikata kidole gumba kabla sijamfikia mbuzi. Nyuzi tatu.

Mwanangu Hudhaifa kaniambia, kwa adabu zake zote, kwamba haki ya kuchinja ni yangu kwa kuwa mimi ndiye baba wa baba, ila kisu changu hakikati hata uji. Nikipata kisu cha maana kabla ya Jumapili, nachinja mimi na nyama nakata mimi. Nisipopata, Baba Safari atatusaidia. Atatusaidia! Mjukuu wangu wa kwanza, na mimi nikae jamvini na wageni nikisubiri supu.

Basi nikaingia kwa Msellem. Nikasema nataka kisu. Kauliza cha nini. Nikasema cha kukatia. Kauliza kukatia nini. Sikutaka kusema. Habari ya mtoto wa saa tatu haimwagwi sokoni, na nikitaja akika ataniuliza kwani Safari kafanya nini. Nikamwambia yeye auze tu, upelelezi awaachie wenyewe. Kauliza tena, pole pole kama daktari: na atakayekishika ni nani? Nikasema mimi. Akautazama mkono wangu. Akakitazama kidole gumba. Akaingia ndani, akatoka na kisu cha kumenyea muhogo. Kasema kwa mkono wangu mie hicho kinatosha, nikishakizowea nirudi.

Bi Kazija alikuwa pale mlangoni na karai lake. Kacheka mpaka vitumbua vikaungua.

Jumanne, 9 Septemba

Ufumbuzi nimeupata. Umo ndani ya simu.

Kuna ukurasa unaitwa Makali Royal, wa mtu wa Dar es Salaam. Ana video. Jamaa mmoja mwenye mkono uliojaa michoro anaweka mfupa wa ng'ombe juu ya gogo. Anashusha kisu mara moja tu. Mfupa vipande viwili. Nimeitazama mara kumi na tisa. Kisu kina mawimbi mawimbi kwenye bapa na mpini wa mti mweusi. Si vile visu vya Msellem, vyote sura moja kama ndugu wa tumbo moja.

Nikaandika: nataka hicho. Jibu likaja kabla sijaiweka simu chini. Sawa boss, tuma jina na mahali ulipo. Basi. Hakuuliza cha nini. Hakuuliza nani atakishika. Kidole changu hakukiona. Kaniita boss mara nne katika dakika tano, na Msellem ananijua miaka thalathini hajaniita hata bwana.

Zulekha mke wangu kauliza duka la mtu huyo liko wapi. Nikamwambia duka lake liko kila mahali. Kasema basi siku ukitaka kumgombeza utasimama mlango gani. Mwanamke huyu ana kipaji cha kuipoza chai ya mtu kwa neno moja.

Nimelipa yote mbele. Kitafika Alhamisi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeuliza mzigo uko wapi. Uko njiani boss.

Alasiri Safari kaja kumwona mtoto. Kaja na chewa mzima, na kile kisu chake kiunoni, kimefungwa kwenye kitambaa cha kikoi. Kimenolewa miaka mingi hata kimebaki chembamba kama jani la mua. Kakinunua kwa Msellem, kwa hivyo sikukitazama. Nilikitazama kidogo.

Kamchukua mtoto, kamsomea dua, kamrudisha kwa mama yake. Kisha kanivuta pembeni. Kasema, Bwana Bakar, nasikia unatafuta kisu. Mie sina haja ya kuchinja, haki ni yako, chukua hiki changu utumie. Kasema kwa upole khasa, bila hata kuchekea pembeni.

Nimekasirika mpaka masikio yakawa moto. Mtu akikutukana unajua la kufanya. Huyu unamfanya nini? Nikamshukuru, nikamwambia changu kiko njiani. Kasema inshallah. Hata ile inshallah yake imeniudhi.

Alhamisi, 11 Septemba

Bandarini, hapa mji wa Mkoani. Tangu saa mbili asubuhi. Meli imefika, mizigo imeshuka: magodoro, mafriji, milango mitatu, mabox ya vifaranga wanaolia. Kisu hakimo.

Nimempigia muuzaji. Kasema mzigo ulichelewa kufungwa, unapanda meli ya kesho, usijali boss. Leo hilo neno boss halikunoga.

Mchukuzi mmoja aliyeketi juu ya mkokoteni kaniuliza, ami, unangoja nini juani hivyo? Nikasema kisu. Kauliza, kisu tu? Nikasema ndiyo. Kawageukia wenzake: jamani, kwani Chake visu vimekwisha? Wakacheka wote. Hata mwenye vifaranga kacheka.

Nimerudi nyumbani. Zulekha hakuuliza kitu. Kaniwekea chakula akakaa akinitazama nikila. Bora angeuliza.

Ijumaa, 12 Septemba

Msikitini, baada ya sala, nani kakaa ubavuni mwangu? Msellem. Kanipa mkono, kanipa hongera ya mjukuu. Habari kaipata kwa Safari. Kasema, kumbe ni akika, Bakar, mbona hukusema? Pita kesho dukani, kuna kisu nita...

Nikamkata hapo hapo. Nikamwambia kisu changu kiko baharini.

Kashtuka. Kasema, pole, kimeanguka?

Nikamfahamisha kwamba kinakuja kwa meli, kutoka Dar es Salaam, kwa njia ya mtandao, na kwamba dunia imeshavuka mambo ya kuhojiwa kwenye mbao za duka. Nikamwalika aje Jumapili asubuhi, asimame mbele, ajionee. Nilisema kwa sauti. Watu wa safu tatu walisikia. Shehe Abdulnasir naye alisikia, maana aliacha kuvuta tasbihi.

Msellem kasema atakuja. Kasema vizuri tu. Watu wazuri wamezidi wiki hii, na wote wananipanda kichwani.

Jumamosi, 13 Septemba

Kimefika! Nimekipata Mkoani saa sita, mbele ya mchukuzi yule yule. Nimemwonesha. Kasema, ami, hiki si kisu, hiki mlango.

Wivu. Ni kweli kipana, takriban upana wa daftari hili, na kizito kiasi kwamba mkono unashuka wenyewe. Lakini kinang'ara. Nimekijaribu nyumbani. Papai: sawa. Kifuu cha nazi: pigo moja. Ubao wa jikoni wa Zulekha: pigo moja pia, bila ya kukusudia.

Zulekha kaokota nusu mbili za ubao wake, kazitazama, kisha kauliza: na mifupa je?

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mifupa haitanisumbua hata kidogo.

Halafu kaenda zake kuchambua mchele. Nimeudhika. Mtu anakuuliza swali, unamjibu vizuri, anaondoka.

Jumapili, 14 Septemba

Akika imefanyika. Mtoto kaitwa Suhaila. Nimechinja mimi. Kwenye kukata nyama mkono uliniuma kidogo, nikamwachia Safari amalizie. Watu wamekula, wameomba dua, wameondoka. Hakuna zaidi la kuandika.

Jumatatu, 15 Septemba

Hayo ya jana ndiyo niliyowaambia majirani. Paka kanitazama nilivyokuwa nayaandika, na tangu hapo hajaja kulala karibu yangu. Basi niandike yalivyokuwa.

Saa mbili asubuhi uani kwa Hudhaifa watu walishajaa. Nikatoa kisu kwenye box lake. Shehe Abdulnasir akakiomba, akapitisha ukucha kwenye makali, akakirudisha. Kasema hiki ni cha kupigia, si cha kuchinjia. Bapa nene hivi litamtesa mnyama. Nikasema kinakata. Kasema, Bakar, mbuzi hana ugomvi na Msellem.

Watu walicheka kidogo. Mimi sikucheka. Safari kafungua kitambaa chake, kanipa kisu, mpini ukielekea kwangu, kisha kainama kamshika mbuzi miguu. Nikachinja. Bismillahi, na kikapita kama si kitu. Hata kidole nilibaki nacho. Wallahi ilikuwa kazi safi, na Hudhaifa alinitazama kama alivyokuwa akinitazama alipokuwa na miaka sita. Ningeishia pale, leo ningekuwa mtu mwengine.

Lakini Msellem alikuwa amesimama mbele, pale pale nilipomwambia asimame. Mbuzi keshachunwa, katundikwa, anangoja kukatwa. Na mimi nilikuwa nimechinja kwa kisu kilichotoka dukani kwake. Hilo lilinichoma. Nikakiweka chini kisu cha Safari. Nikakishika changu. Nikauteremsha mguu wa nyuma, nikaulaza juu ya gogo, nikapiga.

Kaaa!

Vipande viwili, kama kwenye video.

Uani waliosikika ni kuku. Kuku tu.

Kila mtu kisiwani humu, mpaka mtoto wa chuo cha Kurani, anajua kwamba nyama ya akika hukatwa kwenye viungo. Mfupa hauvunjwi. Unatafuta maungio kwa ncha ya kisu, unayaachanisha taratibu, mifupa inatoka mizima, na sisi tunamwombea mtoto viungo vizima kama hivyo. Mimi najua. Nimelijua miaka hamsini. Nilikata hivyo nyama ya akika ya Hudhaifa mwenyewe. Jana nilisahau, kwa sababu wiki nzima nilikuwa nafikiria uso wa Msellem.

Mama yake Khairiya kaweka mikono kichwani. Shehe kasema wasihuzunike, kutovunja mfupa ni jambo la kupendeza tu, si la lazima, akika imesihi, haina kasoro, na mtoto hana lolote. Kasema mara mbili. Kina mama walimsikia mara zote mbili na wakaendelea kulia. Safari akanitoa kile kisu mkononi, taratibu, kama unavyomtoa mtoto mkasi, akamaliza nyama yote kwa chake. Hata mfupa mmoja haukutoa sauti. Msellem hakunicheka. Kaniambia tu, chini chini, kwamba juzi msikitini alikuwa anataka kunipa kisu cha maungio, bure, zawadi ya mjukuu. Kisha akaenda kumshikia Safari sinia.

Hapo ndipo nilipokwenda kukaa jamvini kusubiri supu. Mkono haukuniuma. Mkono ulikuwa mzima kabisa.

Na kuna jambo jengine. Suhaila alikuwa anyolewe nywele jana ile ile, kama desturi. Khairiya aliposikia ule mlio alimchukua mtoto akaingia naye ndani, akafunga mlango, akasema leo hakuna chuma kitakachomgusa mwanawe. Kwa hivyo bado ana nywele zake. Watamnyoa Ijumaa.

Leo asubuhi Hudhaifa kaja. Nilidhani kaja kunigombeza. Kakaa, kanywa chai, kasema, baba, yamepita. Kasema yeye na Khairiya wamezungumza, na wanataka mimi nimtafute kinyozi wa Suhaila. Nichague mimi mwenyewe, mtu mwenye mkono mwepesi, nimlete Ijumaa. Mtoto huyu sijui adabu yake kaitoa wapi, kwangu haikutoka. Alipoondoka nilikwenda chooni nikafungua maji kwa muda.

Wako vinyozi wawili wazuri hapa Madungu. Wa kwanza atataka kujua mtoto ana siku ngapi, utosi wake ukoje, nywele laini au ngumu, kashaoga au bado. Wa pili ni mpwa wake Msellem.

Nimetafuta kwenye simu. Ipo mashine, inatumia betri, ina vichwa saba vya kubadilisha na taa ya buluu. Katika video inamnyoa kondoo mzima kwa dakika mbili. Nimeshalipa. Itapanda meli ya Jumatano.

Sijamwambia mtu. Na muuzaji, mtu mstaarabu sana, hakuniuliza hata kichwa ni cha nani.