Mama Mkwe, Joka na Soksi Moja

Jumatatu, 3 Machi
Likizo, siku ya kwanza. Nimemwahidi mke wangu kupaka rangi jikoni. Nimefungua kopo. Inatosha kwa leo.

Mama mkwe yuko sofani wiki ya pili sasa, mguu una plasta ngumu na umelazwa juu ya mto wangu. Aliteleza kwenye ngazi. Miaka minane ananikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa guu la nani limevunjika? Sikusema. Naandika hapa tu.

Miaka hiyo minane hajaniita jina hata siku moja. Mimi ni "huyo". Huyo amerudi? Huyo ameshiba? Leo akauliza wale sisimizi kwenye kompyuta ni nini. Nikamweleza: ni mchezo, Mama, najenga ngome mlimani, na wale ni raia wangu, watu wafupi, sitini na mmoja, wote nimewapa majina ya ndugu na jamaa. Akauliza yeye yuko wapi. Nikamwonyesha mpishi mkuu, mwenye chumba cha sakafu ya marumaru. (Alikuwa analala kwenye ghala la vitunguu. Nilimhamisha hapo hapo.) Akasogea mbele, akasema: mwanangu, hebu nivutie kiti nione vizuri.

Mwanangu! Nilikwenda jikoni, nikashika kopo la rangi, nikalia kidogo.

Jumanne, 4 Machi
Joka limetokea kaskazini mwa ramani! Kubwa kuliko nyumba tatu, na linatema moto. Raia wanakimbia ovyo. Mwenye furaha ni mimi peke yangu.

Sababu ni shemeji. Kaka wa mke wangu, fundi friji, anacheza mchezo huu huu, na tayari ana joka alilolinasa na kulifuga. Picha yake ameiweka kwenye simu, pale ambapo watu wengine huweka watoto. Jumapili anakuja kumchukua mama yake. Akikuta nami nina joka, na Mama akaniita mwanangu mbele yake, sitaki kingine duniani.

Nikampigia, nikamuuliza kwa kuzunguka zunguka, joka hunaswa vipi. Akasema hunaswa kwa vizimba vya mtego, na viwe vya chuma, vya mbao vitaungua. Nikacheka moyoni. Nani anampa mpinzani siri ya kweli? Nimetengeneza vya mbao, kumi na viwili.

Mke wangu kauliza jikoni kukoje. Nimesema rangi inapumua.

Jumatano, 5 Machi
Siku mbaya. Niandike haraka.

Chambo nilichagua raia aitwaye Shemeji, msafisha vyoo wa ngome. Nilimsimamisha nje ya lango, nyuma ya vizimba. Mama wa sofani alikuwa amekwenda bafuni na magongo yake, safari ya dakika ishirini kwenda na kurudi. Wakati mwafaka.

Joka likaja. Likatema. Vizimba vyote kumi na viwili majivu! Shemeji naye majivu, ikabaki soksi yake moja kwenye nyasi. Nilisikitika sana kwa ajili ya vizimba.

Sasa, raia wa mchezo huu wana ugonjwa wao. Wakiona nguo imelala nje haina mwenyewe, ni lazima wakaiokote, hata mbingu ikianguka. Na mimi lango sikulifunga. Nani akatoka mbio? Mpishi mkuu! Nilibonyeza kila kitufe ninachokijua na vingine nisivyovijua. Aliifikia soksi. Aliinama kuiokota, joka likatema tena.

Nikasikia magongo koridoni, ko, ko, ko. Nikafunga lango. Joka likajilaza nje, juu ya mifupa ya mama mkwe wangu. Nikamkamata mtengeneza sabuni, nikambandika jina la Mama, nikamsukumia jikoni mwa ngome. Mama akakaa, akauliza kuna jipya gani. Nikasema shwari.

Alhamisi, 6 Machi
Mtengeneza sabuni hafai. Kupika hajui. Ndevu zinamfika magotini. Mama ameuliza tangu lini ana ndevu. Nimesema huko ngomeni ni urembo, wanawake wote wenye cheo wanazo.

Amegundua pia kwamba yeye wa mchezoni tangu jana amelala mara mbili chini ya pipa la pombe, na amemzaba kofi meya, ambaye ni binti yake, yaani mke wangu. Nimesema ni uchovu wa kazi. Akasema yeye pombe hajaionja tangu azaliwe. Nikasema najua, Mama. Bado ananiita mwanangu, ila anavuta vuta kidogo kabla ya kulitamka.

Ijumaa, 7 Machi
Njia ya mwongo fupi. Nilisahau kabisa kwamba katika mchezo huu maiti asipozikwa hurudi mzimu. Saa tano asubuhi, Mama amekaa kando yangu, maandishi yakapita juu ya kioo: Mzimu wa Mama Mkwe, mpishi mkuu, umeonekana. Na yeye husoma bila miwani. Kwa umri ule!

Mzimu haukumsumbua mtu mwingine yeyote. Ulimfuata raia mwenye jina langu: kitandani, mgodini, chooni. Mama akauliza amekufa lini. Nikauliza nani. Akauliza alikuwa anafanya nini. Nikasema anaokota soksi. Soksi ya nani? Ya Shemeji, Mama.

Kisha akamwita mke wangu, akamwambia kwa utulivu: huyo ameniua mimi, na kaka yako pia.

Huyo. Nimerudi pale pale. Siku nne tu nilikuwa mtoto wa mtu, na sikujua kwamba ni jambo tamu kiasi kile.

Jumamosi, 8 Machi
Mama amechukua kipanya. Hakukiomba, alinyoosha mkono tu, nikakitoa.

Alimpigia shemeji, akauliza swali moja, akasikiliza, akakata simu. Akaagiza vizimba vya chuma. Akasema anataka kuzikwa kama watu, na mifupa yake iko chini ya joka, kwa hiyo joka kwanza. Nikashauri chambo awe mbuzi. Akasema mbuzi ana kosa gani?

Akamchagua raia mwenye jina langu. Kwanza akamvua kofia ya chuma, akasema itamfaa mwingine. Akamsimamisha nje. Mzimu ukatoka kwenda kutazama.

Joka likatema, mimi nikaungua, joka likakanyaga mtego, kizimba kikajifunga! Mama alishangilia mpaka magongo yakaanguka yote mawili. Halafu akajizika mwenyewe kwa heshima zote, jeneza la dhahabu. Mzimu wake ukatulia. Mimi sijazikwa. Nimeuliza mara mbili. Anasema kuna foleni.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji alifika mchana, akaliona joka, rangi ikamtoka usoni. Lake ni dogo kwa mkia mzima! Raha niliyoipata haielezeki.

Kisha Mama akasema haendi popote. Plasta itatolewa hapa hapa. Yeye akiondoka nani atalilisha joka? Huyo? Shemeji akarudisha garini sanduku tupu alilolileta kwa nguo za mama yake, akaondoka bila kuaga. Mke wangu ananiuliza kwa macho miezi mingapi. Sijui.

Tulipobaki wawili, Mama akainama mbele, akasema kwa sauti laini: mwanangu, umekula? Nikajibu haraka nimekula, Mama, ahsante. Alikuwa anasema na joka.

Iliniuma. Sitaficha. Nimekaa jikoni nusu saa nikitazama ukuta.

Lakini nimepata wazo. Mama amejinyoosha, amesinzia. Joka halikuwa na jina rasmi. Nimeingia kimya kimya, nimeliandika jina langu, herufi kubwa. Kuanzia leo akiliita mwanangu, anayeitwa ni mimi, na maandishi ya mchezo ni shahidi. Nani atagundua? Huamka saa kumi. Nimeshanyoa, nimevaa shati safi, nimekaa kwenye kile kiti cha karibu, nasubiri kuitwa.