Pembe ya Baba na Kifuniko Chekundu

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mafunzo ya kujikinga na maafa yameanza leo, kanisani kwetu Kibugu. Mwalimu ni Angeline, kutoka Embu mjini. Kijiji kitachagua mkuu wa tahadhari wa kuwaita watu wahame udongo ukitaka kuporomoka. Anapewa jaketi ya kung'aa na kipaza sauti. Jaketi hiyo ni yangu!

Nani mwingine? Marehemu baba ndiye aliyekuwa akipuliza pembe ya ng'ombe lori la majani chai likitokea kwenye kona. Wanawake walibeba vikapu mbio kwenda kituo cha kupimia majani, sisi watoto nyuma yao tukipiga kelele. Siku hizi karani anatuma ujumbe kwa simu. Hakuna anayekimbia tena, na mimi huona vibaya sana.

Nimeipata pembe juu ya dari ya jikoni kwa mama. Nyeusi kwa moshi. Nimeinusa, nikamkumbuka baba hadi machozi.

Jumanne, 8 Aprili

Tumechora ramani ya kijiji chini, uwanjani. Majivu ni barabara, vifuniko vyekundu vya soda ni hatari. Jirani yetu Rwamba, ambaye pia anaitaka jaketi, akaweka kifuniko kwenye boma letu, penye jiko la mama. Eti ukingo wa udongo ulio nyuma ya jiko analolala umepasuka, mkono mzima unaingia kwenye ufa.

Angeline akasema mama alale kwingine hadi mvua iishe. Tena mkuu wa tahadhari asiwe mtu wa boma lenye hatari, maana siku hiyo atakuwa anajiokoa mwenyewe. Hasara mbili kwa kifuniko kimoja!

Jiko hilo baba alilijenga kwa mikono yake. Kiti chake bado kiko kando ya moto. Basi, wakati wa chai na mandazi, nikainama kufunga kamba za viatu. Nilipoinuka, kifuniko kilikuwa kwa Rwamba. Kazi safi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimechaguliwa! Jaketi inanibana mabegani, lakini sivui.

Jioni Rwamba alikuja. Alisema aliniona jana, na kwamba gambuti nilizovaa hazina kamba. Hatamwambia mtu, mradi nimtoe mama kwenye lile jiko. Kwake kuna kitanda. Nilimjibu kwamba wivu ni ugonjwa.

Hata hivyo nilimuuliza mama. Alisema aliingia jiko hilo akiwa bibi harusi, hatolewi na vifuniko vya soda. Na mazoezi ya kuhama, ya Ijumaa, haendi, yeye si mtoto wa shule. Nilifurahi. Usingizi haukuja vizuri, sijui kwa nini.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua tangu Jumatano. Leo saa tisa, mazoezi. Kamati ilikubaliana: Rwamba agonge kengele, watu wabebe watoto, dawa na vitambulisho, waje uwanja wa kanisa.

Kengele! Saa tisa kasoro dakika tano nikapanda kilimani na pembe. Nikapuliza mara tatu, kama baba. Mashavu bado yanauma.

Uwanja wa kanisa haukupata mtu. Angeline alisimama peke yake na saa yake. Kijiji kizima kilikimbilia kituo cha majani chai! Wazee, akina mama, wote na vikapu mgongoni, vingine vitupu, wakijipanga mbele ya mizani. Walikuwa wanacheka. Sijawaona wakicheka hivyo tangu utotoni.

Na mwisho wa foleni, mama. Aliyekataa kuja! Kikapu mgongoni, kitambaa kipya kichwani.

"Nimesikia pembe ya baba yako," aliniambia. "Lori liko wapi?"

Nilimshikia kikapu. Tulikuwa bado tumesimama hivyo tuliposikia ukingo ukishuka. Tulikimbia kwenda kuona. Jiko halikuwepo, ulikuwepo udongo tu. Mimi bado nilikuwa nimeshika kikapu. Rwamba ndiye aliyemshika mama.

Jumapili, 13 Aprili

Mama analala kwa Rwamba. Kanisani watu walinipa mkono wakisema nimemwokoa. Nilikubali. Angeline hakunipa mkono. Alisema ile ilikuwa bahati, si tahadhari, akaichukua jaketi akampa Rwamba. Inamtosha vizuri kabisa. Inaudhi.

Baada ya ibada nilichimba, nikakipata kiti cha baba. Mguu mmoja umevunjika. Nilimpelekea mama, akakipangusa kwa leso, akauliza sasa kitakaa wapi.

Nimelifikiria jambo hilo kutwa, na jibu ni rahisi. Ukingo umeshashuka, hauna tena cha kuangusha. Kwa hivyo pale ndipo mahali salama kuliko pote Kibugu! Ufa mpya ulio juu kidogo ni mdogo, vinaingia vidole tu. Kesho naanza kujenga jiko palepale. Rwamba ameshaichora upya ramani iliyofutwa na mvua, akaweka kifuniko chekundu hapo. Nitapita asubuhi nikitoe.