Robo saa ya adabu shambani Kalinzi

Leo nimeaibika mbele ya wakwe. Kijiji kizima kimeshajua, kwa hiyo bora niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mwingine.

Tulipanda Kalinzi kwa wakwe jana: mimi, mke wangu Editha na binti yetu Neema, miaka saba. Mimi ni fundi simu, nakaa Kasingirima mjini, milima naijua kwa kuiangalia kutoka chini. Sasa Editha kaona kwenye simu kuna familia zinatoka asubuhi kutembea msituni na kwenye majani, wanacheka, wanapiga picha, wanarudi nyumbani. Basi. Akasema na sisi tutembee.

Mama mkwe akatukuta mlangoni tumevaa raba.

"Mnakwenda kuchukua nini?"

"Hatuchukui kitu, mama. Tunatembea tu."

Akashika kifua. "Yewe mwana! Nani amefiwa?"

Tulimweleza, hakuelewa, akafunga viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa na kutufuata. Nadhani alitaka kuhakikisha tunarudi.

Lakini mimi nilikuwa na shida yangu, tena kubwa. Baba mkwe alikuwa hanisemeshi. Mara ya kwanza kuja hapa nilimpa mkono nimesimama wima, mkono mmoja, miwani ya jua usoni. (Ujinga wa mjini, nakubali.) Tangu siku hiyo akitaka nimpishe anamwambia Editha, "Mwambie mumeo asogee," na mimi nimekaa hapo hapo, masikio yote mawili yanafanya kazi! Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Nilikuwa namtaka sana huyu mzee aniite mwanawe, na ilikuwa inaniuma.

Kwa hiyo nilifanya mazoezi. Wiki mbili! Wazee wetu walivuka ziwa kutoka Kongo, Kiha cha wakwe nakijua cha kununulia mihogo tu, ila nina jirani Mha na ndiye aliyenifundisha salamu yenye heshima. Unachuchumaa kwa mbali. Unapiga makofi taratibu. Unasema "Mwakeye," ndiyo salamu ya asubuhi, kisha unasubiri. Na baba mkwe hakaziwi macho, unatazama chini.

"Mzee mwenye kinyongo anaweza kukawia kujibu," jirani akaniambia. "Wewe endelea tu." (Huyu jirani nikirudi tutaonana.)

Jana tulifika mzee ameshalala, na asubuhi alituwahi kwenda shambani. Matembezi yalianza vizuri. Tukapita msitu wa mikaratusi, baridi, ukungu, umande mpaka magotini. Neema akamkimbiza kipepeo hadi akaanguka, akainuka anacheka. Nilitangulia mbele kama kiongozi wa msafara, nikisema "angalieni mizizi" kila baada ya kujikwaa. Tukatokea kwenye uwanda wa nyasi, na ng'ambo yake shamba la mahindi la mzee. Editha na mama yake wakabaki nyuma kuchuma uyoga.

Ndipo nikamwona. Kati ya mahindi, hatua kama ishirini, kifua kwenda juu: koti lake la kahawia, kofia yake pana. Katulia kabisa, kaelekea upande wetu. Nikamvuta Neema, nikachuchumaa kwenye tope, macho chini.

Pa, pa, pa. "Mwakeye, baba."

Kimya.

Pa, pa, pa. "Mwakeye."

Kimya. Nikajiambia, kinyongo hicho, ndicho nilichoambiwa.

"Baba," nikasema, "ile miwani nisamehe. Haikuwa dharau, niliinunua siku hiyo hiyo nikaona nisiivue."

Kimya.

"Baba," Neema akaninong'oneza, "ndege amekaa kichwani kwa babu."

"Babu ana subira. Tazama chini na wewe."

"Lakini baba, anamdonoa..."

"Neema! Wakubwa wanaongea."

(Hapo ndipo mtu mwenye akili angeinua macho. Mimi nikazidi kumheshimu mzee.)

Miguu ikaanza kufa ganzi. Nikaona huyu hatalainika mpaka niseme ukweli wote, mtu mzima anajua akidanganywa.

"Baba, kuna jambo jingine. Kahawa yako. Ile unayotupa kila msimu, nikakwambia siku haiendi bila kuinywa. Sijawahi kuinywa. Ni chungu, inanivuruga tumbo. Nampa kinyozi wangu. Yeye anaisifu sana."

Halafu nyuma yangu, karibu kabisa, nikasikia sauti ninayoijua.

"Editha. Mwambie mumeo mimi niko huku."

Jamani!

Nikageuka. Baba mkwe kasimama, jembe begani, koti jipya la bluu. Mke wangu pembeni yake kaziba mdomo kwa kanga, mama yake nyuma yao na uyoga. Nikageuka tena shambani. Vijiti viwili. Koti kuukuu. Kofia juu ya kiroba kilichojazwa majani makavu, na ndege anachokonoa sikio. Koti lile mzee alikuwa amelivisha kinyago cha kutishia ndege tangu Editha alipomletea jipya, na hakuna aliyeona sababu ya kuniarifu.

"Mwambie pia," mzee akaendelea, "habari za kinyozi nimezisikia."

Kwa hiyo alikuwa ameanza kusikiliza tangu mbali.

Nilijaribu kuinuka, miguu ikakataa, nikakaa kwenye tope. Mama mkwe naye akakaa chini, ila yeye kwa kicheko, uyoga wote ukamwagika. Mzee alijitahidi kukunja uso. Alijitahidi kwa kweli. Kisha ndevu zikaanza kutetemeka, akaegemea jembe, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa koti. Akaja akanishika mkono.

"Inuka, mwanangu. Huyo hata mimi hajawahi kunijibu."

Mwanangu! Ananiangalia mimi, bila kupitia kwa Editha! Nilitamani kulia, nadhani nililia kidogo, uso ulikuwa na tope hivyo sina ushahidi.

Tumerudi nyumbani, nimewekewa kikombe cha kahawa kikubwa kama kopo la rangi, nimemaliza huku mzee ananitazama. Tumbo lenyewe limenyamaza kwa woga. Tangu hapo majirani wanaingia mmoja mmoja, na kila akikaa mgeni mzee ananigeukia kwa upendo mkubwa: "Mwanangu, hebu muonyeshe ulivyomsalimia."

Naomba msicheke. Nimepata baba, lakini tangu asubuhi ameniita mwanawe mara nane, na mara saba kati ya hizo nimechuchumaa.