Muthokoi wa Baba na Saa ya Daktari Abdiya

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mji wa Wote, Makueni. Likizo. Vumbi na upepo tu. Baba anatoka damu chooni tangu mvua zilipokatika. Kanisani, ambako ni shemasi, wanadhani amekonda kwa kufunga na kuomba. Alhamisi atapimwa utumbo kwa kamera. Dada yangu Kalunde ni daktari na anajifunza kazi hiyo hiyo, lakini haruhusiwi kumpima baba yake. Atapimwa na Kyule. Kyule! Mwanafunzi mwenzake, mpinzani wake, mtu wa kupiga mluzi wodini.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemkuta Kalunde akilia jikoni. Daktari Abdiya, mkuu wao, anawapima kwa saa: nani anafikisha kamera mwisho wa utumbo bila kupoteza muda, na nani anairudisha polepole akitafuta vinyama vilivyojificha. Mwenye alama bora ataenda Nairobi kuendelea na mafunzo. Kyule hufika upesi. Kalunde hukawia. Kyule humwita trekta: litafika, ndiyo, lakini lini?
Halafu Kalunde kasema jambo moja. Tumbo lisipokuwa safi, hata daktari hodari huchelewa.
Nimelishika hilo.

Jumatano, 6 Agosti
Mpango!
Kalunde kamwachia Baba dawa ya kusafisha tumbo na majagi ya maji. Kasisitiza maji. Dawa bila maji ni bure, kasema, tena ni hatari. Chai ya rangi, sawa. Chakula chochote, hasa chenye maganda, marufuku. Kisha akaenda kazini. Mama yuko mji wa Salama kwenye kibanda chake cha machungwa. Nikabaki mimi.
Kufikia adhuhuri Baba alikuwa akinung'unika. Kufunga kwa ajili ya Bwana anaweza, kwa ajili ya Kyule hawezi. Nikamkumbusha kwa upole kwamba muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa hadi maganda yakatoka yote. Akanitazama kama mtu anayesikia injili mara ya kwanza. Akasema kumbe karo yangu haikupotea. Akala sahani, akaongezwa. Na ndengu, choroko zenye maganda yake yote.
Kyule atakawia, basi! Na akikawia, si atamwangalia Baba vizuri zaidi? Sioni dhambi hapo. Nimeomba hata hivyo.

Alhamisi, 7 Agosti
Maafa.
Kyule aliingiza kamera, akakutana na ndengu, akasimamisha kazi papo hapo. Na hakupoteza hata alama! Daktari Abdiya alimsifu mbele ya wote kwa kujua wakati wa kuacha. Kisha akamgeukia Kalunde. Akamuuliza, kama ameshindwa kumwandaa baba yake mwenyewe, wagonjwa wanaotoka mbali huko Kibwezi atawaandaaje?
Nyumbani Kalunde akaniuliza kama najua lolote. Nikasema muthokoi hauna maganda. Akaenda kulala bila kula.
Baba ameapa harudi tena hospitali. Amesema kama ni kufa atakufa ameshiba. Damu bado inatoka.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimemsomea Baba Zaburi ili abadili nia. Akasema, Wavinya, mwanangu, soma kimya.
Jioni akaja Kyule, bila koti lake jeupe, na paketi ya majani ya chai mkononi. Akamwita Baba mzee wangu. Akamwambia kwamba baba yake yeye, Kyule, pia alikataa kurudi, na kwamba hakumsihi kama ilivyompasa, na sasa anamsihi Baba. Mwishowe Baba akauliza kama kuna mlango wa nyuma ambao watu wa kanisa hawautumii. Kyule akasema upo, karibu na mochari, huko hakuna anayependa kuchungulia. Baba akacheka! Sijamsikia akicheka tangu Juni.
Namchukia Kyule. Ana adabu kupita kiasi.

Jumatano, 13 Agosti
Baba amepimwa. Safari hii Kalunde alilala kwenye mkeka mlangoni mwa jikoni. Kyule alifika mwisho upesi, akarudi polepole mno, Kalunde anasema, hata Daktari Abdiya akaacha kutazama saa. Nyuma ya mkunjo akakiona: kinyama kinachovuja damu. Wamekikata na kukipeleka maabara.
Tunangoja. Baba anakaa nje akitazama shamba kavu. Mimi pia.

Alhamisi, 21 Agosti
Majibu! Si saratani, ila ilikuwa njiani. Baba atapimwa tena mwakani. Nimelia. Nimemwombea hata Kyule, kwa kifupi.
Lakini Kyule ndiye anayeongoza kwa alama. Kalunde amebakiza mgonjwa mmoja tu, kesho: Mama Ndululu, jirani yetu, anayeishi peke yake. Kalunde hakuniomba msaada. Nimejitolea mwenyewe.
Tumbo la Mama Ndululu litakuwa safi kuliko yote Makueni. Amekunywa dawa nikimwona. Jiko lake nimelifunga, ufunguo uko ndani ya soksi yangu. Hata majagi ya maji aliyoachiwa nimeyamwagia sukuma wiki bustanini. Ananiita mtoto wa shemasi asiye na huruma, anaomba tone moja tu. Nimemjibu kwa heshima kwamba avumilie. Makosa ya muthokoi hayatarudiwa: safari hii hakitapita chochote kooni.