Darubini Tayari, Bunduki Bado

Jumamosi, 4 Oktoba 2025. Mount Druitt, Australia.

Nimeamua. Nitakuwa mlenga shabaha.

Sababu ni Juvénal. Huyu ni Mrundi wa kanisani kwetu, anakaa Merrylands, anaendesha basi, na hajawahi kukosea kitu maishani mwake. Leo baada ya usafi wa kanisa tulikula pamoja, naye akaingia na paja zima la nguruwe lililookwa. Alilishinda kwenye klabu ya shabaha upande wa Penrith! Watu wakala, wakasifu. Mke wangu Chibalonza aliongeza mara mbili. Kisha akafunga kipande kingine kwenye karatasi, akakitia mkobani, akasema, "Huyu baba anajua kutunza watu."

Mimi nilikuwa nimeleta soda.

Nimetazama video za Mmarekani mmoja hadi simu imepata moto. Anasema mtu asiye na hela nyingi asinunue bunduki nzima. Aiunge mwenyewe, kipande kwa kipande, ile nyeusi ya aina ya AR. Inaungana kama kitanda cha dukani. Siri ya kulenga sawasawa, anasema, ni mtutu mzuri, kifyatulio laini na darubini safi. Mengine ni mapambo tu.

Nimeelewa yote. Mtutu ni ghali. Naanza na darubini.

Jumapili, 5 Oktoba

Bahati! Nilipotoka kanisani nikakuta mzee anauza vitu vyake vya zamani uani. Darubini ilikuwepo! Ndefu kama mkono wangu, nzito kama mtoto aliyelala. Mzee alinishukuru kwa kuichukua. Alinishukuru mara nyingi mno, nikifikiri sasa.

Nyumbani niliielekeza dirishani. Nikaona nyumba ya jirani, paa chini, bustani juu. Binti yangu Ornella alicheka. Huyu Kiswahili anakisikia vizuri ila hujibu kwa Kiingereza. Alieleza kwamba hiyo ni ya kutazamia nyota, na nyota hazina habari kama ziko kichwa chini.

Jambo dogo. Nitageuza shabaha.

Jumatatu, 6 Oktoba. Sikukuu ya wafanyakazi.

Mradi unakwenda mbio. Mkanda wa kubebea bunduki: nimepewa bure na kwaya, ulikuwa wa gitaa. Miguu ya kuegemezea mtutu: ni ya kamera. Ilikuwa mitatu, mmoja umevunjika, imebaki miwili. Bunduki inahitaji miwili! Mbingu ziko upande wangu.

Gad, mwenzangu wa ghalani, alisema kila mwenye bunduki hapa lazima awe na kabati la chuma la kuifungia. Akanisaidia kubeba moja lililokuwa linatupwa. Chibalonza akauliza ni la nini. Nikasema la jikoni.

Nilikosea. Kufikia jioni lilikuwa limejaa unga wa muhogo na ndagala, dagaa wakavu wa kwetu. Nimejaribu kulifungua nipime nafasi. Harufu ilinirudisha hadi sebuleni.

Jumatano, 8 Oktoba

Duka la bunduki. Muuzaji alikuwa kijana mpole mwenye michoro mikononi. Nikamwomba mtutu wa AR, mzuri lakini wa bei ya chini, nikamwambia vipande vingine ninavyo. Akauliza video ninazotazama ni za nchi gani.

Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemwongelesha mwenzake aliyesimama ukingoni mwa paa. Hapa bunduki ya namna ile si ya raia wa kawaida, iwe nzima au vipande. Hata ya kufanana nayo tu italeta polisi. Anayeanza, akasema, achukue ile ndogo ya kupakia kwa mkono, risasi moja moja. Ni rahisi, risasi zake si ghali, na inalenga vizuri kuliko mikono ya mwenyewe. Lakini kabla ya hapo kuna klabu, mafunzo, leseni, kibali, na kusubiri.

Nikauliza kama yote hayo yanaweza kwisha kabla ya zamu yangu ya mchana.

Akaenda kumwita mwenzake nyuma ya duka, akaniomba nilirudie swali.

Sikutoka mikono mitupu. Nimenunua kofia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku mbaya.

Sikujua simu yangu imeungana na televisheni. Nilikuwa chumbani nikitazama somo la vifyatulio. Chibalonza alikuwa sebuleni akikunja nguo, na Mmarekani akamtokea ukutani, mkubwa, na bunduki yake.

Sikusikia kelele. Nilisikia televisheni ikizimwa. Nilipotoka nilimkuta amekaa, shati langu mapajani, mikono imetulia juu yake.

"Baba Ornella," akasema, "nilitoka Bukavu na mtoto mgongoni kwa sababu ya watu wenye hicho kitu. Hapa ninafagia nyumba yangu kila asubuhi. Sitafagia kando ya bunduki."

Nilisema kwamba ni mchezo tu, kama kuvua samaki. Akasema samaki hawajawahi kutukimbiza.

Nikaahidi kwamba hakuna bunduki itakayoingia humu. Ni ahadi ya kweli. Sikusema chochote kuhusu bunduki iliyo Penrith.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilimwambia Chibalonza naenda mazoezi ya kwaya. Nikapanda treni na darubini na vipande vyangu vingine ndani ya mfuko wa mchele.

Kumbe klabuni mgeni anaweza kujaribu kwa bunduki ya klabu, mradi afuate sheria zote na asimamiwe! Msimamizi wangu ni mama mmoja aitwaye Glenys. Ana mvi, miwani ya kamba na sauti ya mwalimu mkuu. Aliitazama darubini yangu. Akaitazama miguu ya kamera. Akauliza kama nilikuja kuua simba mwezini. Vyote akavitia chini ya benchi, pamoja na mkanda wa gitaa.

Juvénal alikuwepo, bila shaka. Akanikumbatia mbele ya watu. Akasema, "Ndugu Bahizire! Kumbe na wewe!" Meno yote nje.

Risasi zangu za kwanza hazikuonekana kwenye karatasi. Glenys alisema zitakuwa zimefika Adelaide. Akaniambia nilegeze mabega, nipumue, nisikivute kifyatulio bali nikibane taratibu, kama ninayebonyeza embe dukani bila mwenye duka kuona. Nikafanya hivyo. Na mwishoni, jamani, matundu yalikaa pamoja, yamebanana kama kuku kwenye mvua!

Glenys akasema ni mabega. Mimi najua ni kofia.

Jumamosi ijayo kuna shindano la wanachama na wageni. Zawadi ni sinia la nyama. Niko ndani.

Jumapili, 12 Oktoba

Juvénal!

Tulikuwa mlangoni mwa kanisa. Akamshika Chibalonza mkono kwa furaha, akampongeza kwa mume mwenye jicho la tai. Nilimkonyeza. Nilikohoa. Nilianza kuimba. Yeye akaendelea, akaeleza hadi wale kuku kwenye mvua, maana nilimpa mwenyewe maneno hayo.

Tuliposhuka basini Chibalonza alisimama kando ya kituo, akaniambia kwamba bunduki ilimwogopesha, lakini kwaya ndiyo iliyomuumiza. Mtu anayemdanganya kuhusu kwaya atamdanganya kuhusu nini tena?

Nikaomba msamaha. Bila maneno ya ziada, jambo lisilo kawaida yangu.

Alifikiri njia nzima hadi mlangoni. Halafu akasema, "Jumamosi nitakuja. Kama ni mchezo, niuone kwa macho yangu kwamba ni mchezo."

Ijumaa, 17 Oktoba

Wiki nzima nimefanya mazoezi ya pumzi. Leo nilikuwa juu ya forklift, kigari cha kuinulia mizigo, nimebana pumzi, nimefumba jicho moja, nalenga jukwaa la mbao la kupangia mizigo. Nililipata. Lilikuwa na mitungi ya mchuzi wa nyanya. Bosi ameniuliza kama niko sawa nyumbani.

Lakini pumzi pekee haitamshinda Juvénal. Nimetafakari, na nimegundua udhaifu wake. Ni mwanadamu, ana mikono. Mikono ikitetemeka, risasi inapotea. Na kitu gani hutetemesha mikono? Kahawa! Nimepika chupa nzima, nyeusi, nzito, kijiko kinasimama chenyewe. Kesho nitampa kwa upendo wa Kikristo.

Chibalonza aliuliza ni ya nani. Nikasema ya Juvénal. Akasema vizuri, moyo wangu unaanza kulainika.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika nikiwa nimetulia. Nimetulia kabisa.

Tulifika mapema. Chibalonza alibaki ndani ya gari la Gad, vioo vimefungwa, amevaa vifuniko vya masikio alivyopewa na Glenys. Nilimwona amefumba macho, mdomo unasali. Nikataka kurudi tuondoke. Kweli. Nilipiga hatua mbili kumwendea, akanifanyia ishara ya mkono: nenda.

Juvénal alikuwa benchi la jirani, uso umevimba. Alikuwa ametoka kwenye basi la alfajiri na anasinzia kwa kusimama. Alimwambia Glenys kwamba anafikiria kujitoa.

Kujitoa! Nami tayari nilikuwa namkabidhi kikombe.

Akanywa. Akaomba cha pili. Macho yakafunguka kama taa za uwanja. Akaniambia nimemwokoa, Mungu anibariki, hajawahi kuwa macho namna hii tangu afike Australia. Akalala kifudifudi nyuma ya bunduki yake, imara kama jiwe.

Nami nikalala. Nikalegeza mabega. Nikapumua. Nikabonyeza embe. Kila risasi niliisikia moyoni kwamba imefika. Sijawahi kulenga hivyo! Nilipomaliza nilisimama, nikawapungia mkono watu ambao hawakuwa wakinitazama.

Glenys akaenda kuchukua karatasi. Akarudi na yangu. Ilikuwa nyeupe, safi kama shati la Pasaka. Hata inzi hakuwa ameigusa.

Akainua ya Juvénal. Ilikuwa na matundu mengi kuliko risasi alizopewa.

Juvénal akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Glenys akahesabu upya, akavua miwani, akaniuliza kwa upole nilikuwa nalenga karatasi ipi. Nikanyosha kidole. Kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye karatasi ya Juvénal.

Sheria ya klabu, akasema Glenys, ni kwamba matundu yakichanganyika, mwenye karatasi anahesabiwa yaliyo bora. Yaliyo bora yalikuwa katikati kabisa, yamebanana.

Juvénal ameshinda sinia la nyama. Kwa risasi zangu!

Halafu nikasikia sauti. Chibalonza alikuwa ameshuka garini, vifuniko vimening'inia shingoni, amejishika mbavu, anacheka. Anacheka hadi anamshikilia Gad asianguke. Nyuma yake kundi lingine lilikuwa limeanza kufyatua, pa, pa, pa, na yeye hakugeuka hata kutazama.

Nilikuwa na hasira. Kisha ikanijia kwamba tangu nimwoe sijawahi kumwona akisikia mlio huo bila kutafuta mahali pa kujificha. Nikasimama palepale na karatasi yangu nyeupe. Kwa muda mfupi sikujali nyama.

Muda mfupi sana.

Jumapili, 19 Oktoba

Juvénal amekuja nyumbani na sinia. Amesema nyama ni yetu sote, maana tumeishinda pamoja. Ndiyo njia yake ya kunimaliza.

Chibalonza alichoma nyama uani. Aliwasimulia majirani kisa chote, na kila akifika kwenye kidole changu kilichonyoshwa anakaa chini kwa kucheka. Jioni ameniambia niendelee na klabu yangu, bunduki ikae hukohuko Penrith kwa Glenys, na siku nikienda nimwambie ninakokwenda. Akasema vipande vyangu vyote vitoke chini ya kitanda.

Nimekubali kila neno. Mtu hukua. Sitakurupuka tena na vitu nisivyovijua, sitaanza nyumba kwa pazia. Somo limeingia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku kubwa!

Niliweka tangazo la vipande vyangu kwenye simu. Akajibu mama mmoja Mkenya wa Merrylands, anaitwa Nkatha. Anataka darubini kwa ajili ya nyota, na miguu na mkanda pia. Hakuwa na pesa mkononi. Lakini uani kwake alikuwa na injini ya mashua! Nzima, nyekundu, na propela yake! Mume wake ameacha kuvua. Tukabadilishana papo hapo kabla hajapata fahamu.

Nimerudi nayo kwa treni, nimeipakata. Watu wamenipisha viti vitatu.

Chibalonza aliitazama kwa muda mrefu. Akauliza mashua iko wapi. Nikamweleza kwa subira kwamba hapo ndipo watu wanapoharibu pesa, wananunua mashua nzima kwa mkupuo. Mwenye akili anaiunga.

Kesho natafuta kasia. Moja tu, kwa kuanzia.