Mchanga Wangu Kupewa Ukoo wa Shemeji

Kwa Mkuu wa Maabara ya Miamba,

Naamini u mzima na mitambo yenu haijambo. Mimi ndiye yule mzee wa kopo la majani ya chai, niliyewaletea mchanga wa nyuma ya nyumba yangu, pale mto unapopinda. Niliomba neno moja tu: kwamba ni wangu. Nyinyi mkautafutia ukoo. Kwa heshima, nalalamika:

1. Mtaalamu wenu, ambaye ni mpwa wangu, aliumwaga mchanga katika kimiminika kizito. Mwingi ukaelea, punje chache zikazama. Akauacha mwingi, akazihoji zilizozama. Hata katika vikao vya ukoo wetu wazito wachache hawawasemei wote, ingawa hujaribu.

2. Zile punje nyekundu, garneti, alizipima zina chuma kiasi gani na magnesi kiasi gani, akasema zimefanana na za jabali lililo kilimani kwa shemeji yangu, yaani baba mzazi wa mtaalamu huyo. Nilipomwambia damu imemvuta, alijibu bila kuinua macho: "Mjomba, mto ndio uliobeba. Mimi nimesoma anwani tu."

3. Tangu hapo shemeji hushuka kila asubuhi na kiti chake, akakaa juu ya mchanga kama aliyempata ndugu aliyepotea. Amekataza hata koleo moja lisiondoke. Kuta za jiko la mke wangu, nililokuwa nikilijenga kwa mchanga huo, zimefika usawa wa dirisha zikasimama. Anapikia barazani, moshi unaingia chumbani, na maneno pia.

4. Kwa elimu yenu, udongo wa bustani yangu nao uliletwa na mto. Basi nyanya ni za shemeji. Nami nimezila tangu nioe. Basi mimi mwenyewe, angalau hadi magotini, ni mali yake. Naomba nijulishwe kilichobaki changu.

Tamkeni rasmi kwamba mchanga ni wa yule uliyemfikia. Kilichofika kimefika, kuuliza kilikotoka ni uchokozi.

Nisalimie mafundi wote, mlinzi wa getini, na mpwa wangu. Mwambie chai yake ipo, ina moshi kidogo.

Wako mwenye subira inayopungua,
Mjomba wa mtaalamu

N.B. Mvua ya juzi imeumega ukingo wangu, na kwa jirani yangu seremala, kule mto unakoteremkia, limezuka rundo la mchanga linalotosha jiko zima. Anadai kilichomfikia ni chake. Nimeambatanisha kopo la pili, la mchanga huo wa kwake. Tafadhali pimeni haraka mseme ulikotoka, na mgonge muhuri. Shemeji ndiye aliyenishikia kopo nikichota.